ASMINI HAINA MBEGU: Ginsi ya kupanda ua la harufu nzuri nyumbani



Kwa desturi ukurasa huu wa bustani unasema juu ya vitu vya kula: mihogo, mpunga, karanga, lenga-lenga. Leo nitasema juu ya ua, na najua wengine watacheka. Wataniuliza, «Kapita, ua linaliwa?» Hapana, haliliwi. Lakini ngojeni kidogo. Kwa ajili ya ua hili nilifanya kosa mbele ya macho yenu wote, na kosa lile limenifundisha kazi ya bustani kuliko masomo mengi. Nataka kulieleza mbele sijaondoka shuleni, ili faida yake ibaki kwenu.

Kosa lenyewe

Mnakumbuka ule mti mfupi uliokuwa kwenye kona ya nyumba ya kulala ya wasichana, wenye maua madogo meupe. Magaribi harufu yake ilifika mpaka kwenye madirisha ya klasi. Mwezi wa Novemba mwaka uliopita nyoka alionekana pale chini. Basi maneno yakaanza. Mmoja alisema harufu ya ua lile inaita nyoka. Mwingine alisema ni ua la majini, halifai kukaa shuleni. Mimi ndiye kapita, nilipaswa kuuliza kwanza. Sikuuliza. Siku ya salongo, Jumamosi, nilitoa amri: tulikata mti wote kwa panga, tukang'oa na mizizi, tukatupa kwenye shimo la takataka. Tulifurahi sana, tulifikiri tumefanya kazi ya maana.

Siku ya Jumatatu mama mzee mmoja wa jirani alifika kwenye lupango letu, kama alivyokuwa anafanya kila juma, kuomba maua machache. Alisimama pale pale kwenye kona, akatazama udongo mutupu.

«Mujukuu wangu, mulilipeleka wapi ua langu?»

«Mama, tulilikata. Linaita nyoka.»

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikaa chini, akanieleza pole pole. Mti wetu ulitoka katika tawi alilotoa yeye, zamani, kwa mke wa mwalimu mmoja aliyekaa hapa. Yeye mwenyewe alipewa tawi na mama yake, na mama yake alipewa na jirani. Mti wa nyumbani kwake ulikufa wakati wa kipwa kimoja alipokuwa mgonjwa, na hapakuwa na mtu wa kuumwangilia maji. Kwa hiyo mti wa shule ndio uliokuwa umebaki. Nilimwambia, «Mama, tutapanda mbegu nyingine.» Akanijibu, «Asmini haina mbegu, mwanangu. Asmini inatoka mkononi mwa mtu na kuingia mkononi mwa mtu.»

Ni ua gani hili?

Kifaransa tunaliita jasmin. Watu wa pwani wanasema asmini au yasmini, jina lililotoka kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Waajemi. Ziko aina karibu 200 za asmini duniani. Hii yetu, yenye majani mapana kidogo yanayokaa mawili mawili, wataalamu wanaiita Jasminum sambac. Asili yake ni upande wa India na milima ya Himalaya. Ni ndugu wa mzeituni, ule mti tunaousoma katika Biblia: yote miwili iko katika jamaa moja ya mimea. Tena, aliyekwisha kupita katika shamba la kahawa siku linapotoa maua anajua harufu inayokaribiana nayo, ijapokuwa kahawa si ya jamaa ile.

Maneno ya mama mzee niliyapima na mwalimu wetu wa biolojia, naye alisema ni kweli. Asmini hii, baada ya watu kuipanda bustanini miaka mingi sana, ni shida sana kuzaa mbegu. Ua linafunguka usiku, siku ya pili linaanza kugeuka rangi, kisha linaanguka, na nyuma yake hakuna tunda. Kwa hiyo mti wa asmini ulioko Zanzibar, au Manila, au hapa kwetu, umefika pale kwa sababu mtu fulani alikata tawi akampa mwenzake. Ukimaliza mti wa mwisho wa mtaa, hakuna mvua itakayouleta tena. Ginsi hii nilielewa uzito wa jambo nililofanya.

Sisi watu wa Kasongo tusiseme ya kuwa bustani ni mambo ya wageni tu. Wakati wa Tippu Tip, Kasongo ya zamani, pale tunapopaita Tongoni, ilikuwa mji mkubwa. Askari wa Dhanis walipoingia pale mwezi wa Aprili 1893, daktari wao Sidney Hinde aliona bustani zilizotunzwa vizuri sana, zenye machungwa, maembe, mananasi na mapera, naye aliandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1897. Watu waliotembea kwa miguu kutoka pwani, kupitia Tabora na Ujiji, hawakuleta bunduki na biashara mbaya ya watumwa peke yake. Walileta pia mimea, na lugha hii ninayoandika.

Kule pwani asmini ingali na heshima kubwa. Katika Zanzibar na Lamu wanawake wanachuma vichipukizi vya maua mchana au jioni, mbele havijafunguka, na kuvitunga kwa uzi. Wanafanya pia kikuba: ni fungu dogo la asmini pamoja na majani ya rehani na vitu vingine vya kunukia, linalofungwa kwenye nguo au nywele. Siku ya arusi maua yale yanatandazwa kitandani. Katika Ufilipino asmini hii hii ilifanywa ua la taifa mwaka 1934. Wachina wanalaza maua pamoja na majani ya chai usiku mmoja, chai inanywa harufu, kisha asubuhi wanatoa maua. Na huko India, mji wa Madurai unajulikana sana kwa asmini, hata jina «asmini ya Madurai» lililindwa na sheria mwaka 2013. Wakulima wanaishi kwa ua lisiloliwa!

Je, linaita nyoka?

Hapana. Nyoka hatafuti manukato. Ulimi wake unatafuta harufu ya panya, vyura na mijusi. Mti wetu ulikuwa umeachiliwa bila kukatwa, matawi yamelala chini, na ndani yake mlikuwa na makopo na mabaki ya chakula tuliyotupa sisi wenyewe. Panya walifanya nyumba pale, na nyoka alifuata panya. Dawa ilikuwa kufagia na kupunguza matawi ya chini, si kung'oa.

Sasa juu ya nini linanukia usiku? Ni kwa kazi yake. Maua mengi meupe ya namna hii yanaita vipepeo vya usiku, na katika giza rangi haionekani vizuri, ndiyo maana yanatumia harufu. Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha jambo la ajabu. Katika harufu ya asmini mna vitu vingi pamoja, na kimoja kinaitwa indoli. Indoli hiyo hiyo imo katika mavi! Ikiwa kidogo sana inanukia, ikizidi inanuka. Kila mtu afikiri mwenyewe maana yake.

Tuliokota matawi takatakani

Siku ile ya Jumatatu, baada ya masomo, tulikuwa wanne tulioingia katika shimo la takataka. Siku ya Mungu mvua ilikuwa imenyesha, na matawi yaliyokuwa chini ya majani mengine yalikuwa hayajakauka. Tulipata vipande 20 vyenye uhai. Nataka mjue tulivyofanya, sababu tulikosea mara mbili mbele ya kufaulu.

Vipande 8 tulivitia katika makopo ya maziwa yasiyotobolewa chini, tukamwanga maji kila asubuhi na kila jioni. Baada ya majuma mawili vyote vilikuwa vyeusi, vimeoza. Kumbe maji mengi yanaua sawa na kiu.

Vipande 6 tulivipanda wazi juani, nyuma ya jiko. Majani yalikauka siku ya nne. Tawi lisilo na mizizi haliwezi kunywa upesi kama jua linavyokausha.

Vipande 6 vya mwisho mama mzee alitusimamia mwenyewe, chini ya mwembe. Katika hivyo 4 vilishika. Hivyo vinne ndivyo mali yetu yote.

Ginsi ya kufanya, hatua kwa hatua

1. Chagua tawi. Lisiwe laini kama chipukizi la jana, wala gumu kama kuni. Unene ni kama kalamu ya kuandikia au mdogo kidogo. Kata kwa kisu kikali kilichosafishwa, urefu wa sentimeta 10 mpaka 15, lenye mafundo matatu au manne. Fundo ni pale majani yanapotokea. Mkato wa chini uwe karibu sana chini ya fundo, maana mizizi inapenda kutoka pale.

2. Ondoa majani ya chini na maua yote. Acha majani mawili juu. Yakiwa makubwa, kata nusu yake. Tawi lisichoke kulisha majani wakati halina mizizi.

3. Tengeneza udongo. Changanya mchanga wa mto na udongo mweusi, nusu kwa nusu. Tia katika kopo au bidoni iliyokatwa, lakini toboa matundu chini. Hili msisahau!

4. Panda mafundo mawili ndani ya udongo, kandamiza kwa vidole, mwanga maji kidogo. Funika kwa mfuko wa plastiki wenye kuonekana ndani, usiguse majani. Weka kivulini penye mwanga. Udongo uwe na unyevu, usiwe matope.

5. Ngoja majuma 4 mpaka 6. Usivute tawi kila siku kutazama kama limeshika! Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza walituharibia moja karibu namna hiyo. Ukiona majani mapya, ujue mizizi iko. Hapo ondoa mfuko pole pole, na kila juma sogeza kopo kidogo kwenye jua la asubuhi.

6. Baada ya miezi miwili au mitatu, hamisha. Chimba shimo la sentimeta 40 kila upande, changanya udongo na mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri, mabeseni mawili hivi. Mbolea mbichi inachoma mizizi. Kama unapanda mingi, acha meta moja na nusu kati ya mti na mti.

Iko njia nyingine rahisi kwa yule mwenye mti tayari. Pinda tawi refu la chini, likwangue kidogo upande wa chini, lifukie katikati kwa udongo na kuweka jiwe juu, huku ncha yake inatoka nje. Likiisha kutoa mizizi, kata upande wa mama. Mtoto huyo ananyonya kwa mama yake mpaka anajitegemea, kwa hiyo ni shida kufa.

Matunzo

Jua. Asmini yenye mizizi inataka jua saa sita kila siku au zaidi. Ukiipanda chini ya mwembe, itaota majani tu. Kivuli ni cha mtoto, jua ni la mtu mzima.

Maji. Hapa kwetu mvua inatosha tangu Oktoba mpaka Aprili. Hatari ni kipwa, hasa Juni, Julai na Agosti. Ndoo moja kwa mti mara mbili kwa juma inatosha, na nyasi kavu zitandazwe chini ili udongo usikauke upesi. Lakini nyasi zisiguse shina, zitaliozesha. Na pasipopitisha maji, pale mvua inapofanya ziwa, usipande kabisa.

Kukata. Hapa watu wengi wanaogopa. Asmini inatoa maua kwenye machipukizi mapya. Mti usiokatwa unazeeka, unalala chini, maua yanapungua. Huko Tamil Nadu katika India wakulima wanaukata kila mwaka mpaka karibu sentimeta 50 kutoka ardhini, na unarudi na nguvu. Kwetu wakati mzuri ni mwisho wa kipwa, mbele ya mvua za kwanza, ili machipukizi yakute maji. Basi ninyi mtasema, «Kapita, wewe pia ulikata.» Ndiyo. Tofauti ni hii: mwenye kukata anaacha mizizi. Mimi sikuacha.

Mbolea. Samadi kidogo, mara mbili au tatu kwa mwaka. Ukizidisha, mti unanenepa majani na kusahau maua.

Wadudu. Tazameni chini ya majani. Mkiona wadudu weupe kama unga, paka maji ya sabuni kidogo, kisha osha kwa maji safi. Vichipukizi vikiwa na tundu ndogo na nyuzi za buibui, ndani mna funza. Chuma vile vyote na kuvichoma.

Na angalisho moja. Si kila ua jeupe la kunukia usiku ni asmini. Iko miti mingine watu wanayoiita asmini ya usiku, yenye maua membamba kama bomba ya rangi ya kijani-nyeupe, na matunda yake ni sumu. Kwa hiyo usitie ua usilolijua katika chai, wala usimpe mtoto.

Miti minne iko wapi?

Mmoja tulimpelekea mama mzee mwezi wa Februari. Tulichimba shimo sisi wenyewe, karibu na mlango wake, ili asitembee mbali na ndoo. Tulipomaliza, nilimwomba radhi mbele ya wenzangu. Alisema, «Mwenye kurudisha hadaiwi.» Mwezi huu wa Aprili mti wake umetoa maua matatu, ijapokuwa ungali mdogo.

Wa pili umerudi kwenye kona ile ile ya wasichana, na kila Jumamosi tunafagia chini yake. Nyoka hajaonekana tena. Wa tatu uko mbele ya ofisi ya Bwana Prefe. Wa nne ulikauka mwezi wa tatu, sababu kila mtu alifikiri mwingine amemwanga maji. Ninaandika hilo bila kuficha, juu ndilo linalonitia hofu.

Sisi wa mwaka wa mwisho tutafanya eksame ya Serikali, kisha tutatawanyika, wengine kwenda Kindu, wengine Kabambare, wengine mbali zaidi. Shule itafungwa Julai na Agosti, na huo ndio moyo wa kipwa. Miti ingali michanga. Nimepiga hesabu: karibu majuma 9, ndoo mbili kwa juma kwa kila mti, ni ndoo 18. Kwa miti miwili ni ndoo 36 tu. Naomba wanafunzi 9 wanaokaa karibu na shule, kila mmoja achukue juma moja: ndoo nne kwa mtu mmoja, kisha amekwisha. Karatasi iko mlangoni pa klasi ya mwaka wa mwisho. Mpaka leo mna majina matano. Tunangoja manne.

Na mwezi wa Septemba, mvua ikikaribia, kateni miti kwa akili, lakini msitupe matawi. Kila tawi ni mti. Pelekeni nyumbani, wapeni wazazi, wapeni jirani hata kama hasali pamoja nanyi. Mama yule hasali katika kanisa letu, lakini tawi alitoa bila kuuliza. Hivi, siku nyingine kapita mwenye haraka akiukata mti wa shule, asmini itakuwa ingaliko katika malupango kumi ya mtaa, na atajua mlango wa kwenda kubisha hodi.

Kwa leo ni hayo tu. Mwenye swali anione kwenye bustani saa kumi, si wakati wa kujifunza.

Wenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho